Safu ya Katikati

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza kazi leo. Nilifika geti likiwa bado limefungwa, nikasimama chini ya kibanda cha mlinzi huku nikijifanya nasoma barua yangu ya ajira. Sina haja ya kuisoma, naijua kwa moyo: karani wa kumbukumbu, kitengo cha takwimu, benki ya damu, majaribio ya miezi mitatu. Hayo majaribio ndiyo ninayoyaogopa.

Daftari hili ni zawadi ya dada. "Wewe mambo yakikujaa kichwani unaanza kuhesabu vigae vya dari," aliniambia. "Andika, utuache tupumue."

Ofisi yetu ni chumba kimoja chenye madirisha mawili. Penye dirisha la kushoto anakaa mtakwimu, mama anayestaafu mwisho wa Mei. Wote wanamwita Bibi Desimali, na mbele yake pia. Penye dirisha la kulia anakaa mtaalamu wa programu, kijana anayenizidi kama miaka mitano. Jina lake hapa ni Chatu, kwa sababu anaandika Python tu, lugha ya kompyuta yenye jina la nyoka huyo kwa Kiingereza, na haamini kwamba duniani kuna lugha nyingine ya kompyuta. Mimi nimewekwa katikati yao, mgongo ukigusa kabati.

Nimeelezwa kazi hivi. Hospitali kumi na tisa hututumia ujumbe wa simu kila siku: zimetumia chupa ngapi za damu, zimebakiwa na ngapi. Programu ya Chatu hupokea ujumbe huo. Programu ya Bibi Desimali, ambayo imeandikwa kwa lugha ya R, hukadiria kila hospitali itahitaji nini, kwa hesabu anazoziita modeli. Saa moja na nusu asubuhi orodha ya mgao inachapwa, dereva anapakia maboksi ya barafu, anaondoka. Mimi nahakiki orodha na kuiweka kwenye faili.

Bibi Desimali hutazama watu kama hesabu iliyokosewa. Nilimwamkia mara mbili, nikidhani ya kwanza hakuisikia. Aliisikia.

Jumanne, 5 Machi

Chatu anatafuna karanga juu ya kibodi siku nzima. Anatembea kama mtu aliyejenga jengo hili kwa mikono yake. Orodha sawa. Nimehakiki mara tatu.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimeona jambo ambalo sikulitarajia ofisini. Bibi Desimali alifungua kabati nyuma yangu, nikalazimika kusimama. Ndani ya mlango kumebandikwa karatasi ndefu yenye maandishi ya penseli: majina ya vifurushi na namba za matoleo yake.

"Karani, unajua kifurushi ni nini?"

"Hapana, Bibi." Nilijua, ila niliogopa kujua vibaya.

"Ni kazi aliyokwisha kuifanya mtu mwingine, nawe unaichukua ili usianze upya. Lakini hicho kifurushi kina vingine kinavyovitegemea, navyo vina vyao. Ukikigusa kimoja hapa, hujui kitakachoanguka kule. Kwa hiyo mvua ikikaribia tunafunga. Hakuna kuongeza kifurushi, hakuna kupandisha toleo, mpaka mwisho wa Mei."

"Dunia nzima inasasisha kila wiki," Chatu alisema bila kugeuka. "Sisi tunafunga milango kama tunajificha mgambo."

"Dunia nzima haisubiriwi na mgonjwa saa moja na nusu."

"Bibi, hiyo R yako ni ya makumbusho."

"Na yako bado inanyonya."

Alihakiki vifurushi vya R kimoja kimoja na kuweka alama. Chatu akatoa orodha yake ya Python kwenye kompyuta, akaichapa, akaibandika kando ya ile ya penseli kwa gundi nyingi mno. Wote wawili wakatia sahihi. Nikanakili kanuni kwenye kijitabu changu: usiongeze, usipandishe.

Jioni nikamweleza dada habari za vifurushi. "Vya wiki au vya mwezi?" akauliza. "Kama wanagawa, mwambie huyo bibi na mimi nataka cha dakika."

Jumatano, 13 Machi

Mvua imeanza. Orodha sawa. Nimehakiki mara tatu.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Paa linavuja juu ya faili za mwaka juzi. Nimezihamisha. Orodha sawa.

Alhamisi, 21 Machi

Leo nimefanya kazi ya maana kwa mara ya kwanza.

Mkuu wa kitengo alikuja akiwa amekunja uso: kompyuta kuu imejaa, haina nafasi hata ya kuhifadhi ujumbe wa kesho. Chatu alikuwa kwa daktari wa meno. Bibi Desimali alikuwa kliniki ya macho. Nilikuwa peke yangu.

"Wewe si karani?" Mkuu akasema. "Mlifundishwa kupunguza makaratasi. Ingia humo, toa vinavyojirudia."

Kwa kweli hilo nalijua. Nilipata alama za juu kabisa katika somo la kuondoa nakala. Nikatoa chapa za zamani za orodha, picha za sherehe fulani, barua zilizohifadhiwa mara nne. Kisha nikakuta kifurushi cha majedwali kipo mara mbili: kimoja katika folda ya Chatu, toleo jipya, 2.1, kingine kimejificha ndani ya folda ya R, toleo kuukuu. Jina lilelile, kazi ileile. Nilisoma kanuni yangu tena: usiongeze, usipandishe. Haikusema usifute. Nikafuta lile kuukuu.

Karani hatupi kitu bila kuandika alichotupa, kwa hiyo naandika: kifurushi cha majedwali, toleo 0.21.1, pamoja na kifurushi cha namba kilichokuja nacho, toleo 1.13.3. Folda ya R, ndani ya folda ndogo inayoitwa "kiungo".

Kisha nikaendesha programu yote tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna kosa hata moja lililojitokeza. Nafasi imepatikana.

Ijumaa, 22 Machi

Mkuu amenisifu mbele ya watu watatu. Nimetembea kifua mbele mpaka nyumbani, kwenye mvua, mwavuli ukiwa mkononi umefungwa.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua kubwa. Hospitali ya mwisho wa barabara haijaleta ujumbe tangu Jumamosi. Mnara wa simu wa huko umeanguka. Dereva anasema barabara imekuwa uji. Anafika, ila anachelewa. Orodha sawa.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Hospitali ya mwisho wa barabara: chupa kumi. Nimehakiki mara tatu.

Jumatatu, 1 Aprili

Hospitali ya mwisho wa barabara: sifuri.

Nililinganisha orodha na kompyuta. Zinafanana. Nilipompa dereva aliisoma midomo ikicheza. "Kule leo siendi?"

"Orodha inasema sifuri."

"Basi wamepona wote," akasema, akacheka, akapakia maboksi mengine. Na mimi nilicheka. Huwa nacheka watu wakicheka.

Jumatano, 3 Aprili

Sifuri tena. Na hospitali ya ng'ambo ya mto, ambayo nayo iko kimya wiki nzima, imepata sifuri leo. Orodha inafanana na kompyuta. Nimehakiki mara tano. Bibi Desimali yuko kliniki ya macho tena. Nilitaka kumuuliza Chatu, ila alikuwa amevaa vile vidude vya masikioni, nami siwezi kumgusa mtu begani.

Alhamisi, 4 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kwa mpangilio.

Saa tatu asubuhi simu ya mezani ililia. Sauti ya mwanamke, upepo ukivuma nyuma yake.

"Benki ya damu? Mimi muuguzi mkuu, hospitali ya mwisho wa barabara. Nimepanda juu ya tangi la maji ndiyo nimepata mtandao, kwa hiyo usiniambie nisubiri. Mmetufuta?"

"Hapana, mama. Orodha... orodha ilisema hamhitaji."

"Nani kaiambia? Nina chupa mbili. Nina mama anajifungua mapacha, damu yake ilikuwa chini tangu mwezi uliopita, na wa kwanza amekaa vibaya. Umenisikia? Mbili."

"Nimesikia."

"Basi shuka huko kwenye orodha yako utuletee damu." Mtandao ukakatika.

Bibi Desimali alikuwa ndiyo kwanza anatundika koti lake. Nikamwambia, nadhani kwa sauti ya juu, maana Chatu alivua vidude vyake. Bibi alichukua orodha, akaisogeza karibu na miwani. "Sifuri?" Kisha akachukua penseli, akaikata ile sifuri, akaandika 14, na kwa hospitali ya ng'ambo akaandika 9. Akatia sahihi.

"Mpigie dereva. Popote alipo, arudi."

Dereva aliondoka saa nne na robo. Alifunga boksi kwa mkanda wake mwenyewe wa suruali, kamba zote zikiwa zimelowa. "Leo nikirudi suruali mkononi, msinicheke," akasema. Hatujapata habari yake mpaka naandika haya.

Kisha yakaanza ya ofisini.

"Modeli yangu haitoi sifuri kwa hospitali iliyo kimya," Bibi alisema. "Niliifundisha mimi. Mtu asipoleta ujumbe, panabaki pengo, nayo modeli inajaza pengo kwa kuangalia miezi iliyopita. Kimya si sifuri."

"Bibi, modeli imezeeka," Chatu alisema. Hakusema kwa kejeli, na hilo liliniumiza zaidi. "Python yangu imeleta majedwali safi. Yameingia kwenye R, yametoka na sifuri. Tatizo liko wapi?"

Mkuu alikuwa mlangoni. Alisema kesho saa nne tukutane. Kama R ndiyo inayoua watu, izimwe, Chatu aandike kila kitu upya, na Bibi apumzike mapema kwa siku zake za likizo zilizobaki. Hakukusudia ubaya, lakini alisema "apumzike" kama mtu anayefunika kitu kwa shuka.

Bibi alikaa. Akafungua programu yake, akaanza kusoma mstari mmoja mmoja, kidole kikiwa kwenye kioo. Mchana akatugeukia wote wawili. "Kuna aliyegusa kitu?"

"Mimi? Umefunga milango yote," Chatu akasema.

Nami nikasema, "Sijui, Bibi."

Nimeliandika neno hilo jinsi nilivyolitamka. Sikuwa nadanganya, nilidhani sidanganyi. Nilikuwa sijaongeza, nilikuwa sijapandisha. Lakini jioni hii nimeketi mezani kwa dada nikarudi nyuma kurasa za daftari hili kutafuta siku sifuri ilipoanza, nikapita Machi 27, nikapita 25, nikafika 21. Nimeisoma mara tatu: "Nikafuta lile kuukuu."

Dada aliniuliza kama naumwa. Nikamweleza yote. Aliacha kukunja nguo.

"Ukinyamaza, wewe utabaki na kazi?"

"Pengine."

"Na yule bibi?"

"Ataondoka kwa aibu."

"Na huko mwisho wa barabara?"

Nikinyamaza hawatajua kilichovunjika, na wasipojua watakitengeneza vibaya, na mvua bado ina wiki nane.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi kukulisha nimezoea. Kukulisha huku hutazamiki usoni, hapana."

Ijumaa, 5 Aprili

Nimesema.

Niliingia kwenye mkutano na daftari hili kifuani. Mkuu hata hajakaa nikasema, "Nimefuta kifurushi," na baada ya hapo maneno yakatoka yenyewe: diski kujaa, nakala mbili, kanuni yangu ya usiongeze usipandishe. Mkuu alitazama meza. Nadhani alikumbuka ni nani aliyeniambia nitoe vinavyojirudia.

Chatu alikuwa wa kwanza kuelewa. Alijipiga paji la uso. "R ilikuwa na nakala yake! Ilipoikosa haikulalamika, ikaja kuchukua ya kwangu."

"Na yako ina tofauti gani?" Mkuu akauliza.

Alimweleza vizuri, hata mimi nikaelewa. Lile toleo kuukuu, ukilipa wiki nzima isiyo na ujumbe likujumlishie, linakujibu: sijui. Jipya linajibu: sifuri. Kwa siku moja au mbili za kimya hakuna tofauti. Wiki ikiisha yote kimya, modeli ya Bibi haipewi pengo la kujaza. Inapewa sifuri, nayo inaiamini.

"Toleo gani lilikuwa?" akauliza. "Bibi, kwenye orodha yako."

Bibi alikwisha kusimama mbele ya kabati. Alipitisha kidole kwenye karatasi yake kuanzia juu hadi chini, kisha kwenye ile ya Chatu. Halafu akarudia. "Hakipo," akasema. "Kwangu niliandika vya R. Hiki ni cha Python."

"Mimi niliandika vya Python vilivyo kwangu. Hicho kilikuwa ndani ya R." Chatu alisita. "Nilidhani umekiandika wewe."

"Nami nilidhani wewe."

Walitazamana kwa muda. Nimekaa kati ya watu hawa mwezi mzima na sijawahi kuwaona wakitazamana.

"Mimi nimeliandika," nikasema. "Lipo humu."

Nilikusudia kusoma mwenyewe. Chatu akalinyakua, akatafuta Machi 21, lakini daftari lilifunguka pale lilipotaka.

"'Chatu anatafuna karanga juu ya kibodi siku nzima,'" akasoma kwa sauti. "'Anatembea kama mtu aliyejenga jengo hili kwa mikono yake.'" Aliinua macho. "Karani!"

Nilitamani paa linalovuja liniangukie.

"Na mimi kaniandikaje?" Bibi Desimali akauliza.

"Bibi, sio lazima..."

"Soma."

"'Bibi Desimali hutazama watu kama hesabu iliyokosewa.'"

Bega la Bibi likaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya gauni. "Miaka thelathini na moja," akasema, "hakuna aliyenieleza sawasawa hivyo. Sasa tafuta toleo, wewe mwenye jengo."

Walilipata. Sifuri nukta ishirini na moja nukta moja, na kile cha namba. Walirudisha vyote viwili katika folda ileile, Bibi akitaja, Chatu akiandika, nami nikisimama nyuma nikihakiki kila herufi kwa sauti. Mara mbili nilimkosoa Chatu. Mara mbili alikuwa amekosea kweli. Kisha wakaendesha programu kwa ujumbe wa wiki iliyopita. Hospitali ya mwisho wa barabara: kumi na tatu. Ya ng'ambo ya mto: nane.

"Kazi imerudi," Bibi akasema, akafunga kalamu yake.

Dereva hajarudi. Simu yake haipatikani.

Jumamosi, 6 Aprili

Si siku ya kazi, ila nilikwenda. Nilimkuta Chatu pale, akasema alisahau karanga zake. Dakika kumi baadaye akaingia Bibi Desimali, akasema alisahau miwani, ambayo alikuwa ameivaa. Tukakaa watatu tukitazama simu ya mezani.

Ililia saa tano.

"Ni mimi wa kwenye tangi," sauti ikasema. Niliiweka ili wote wasikie. "Dereva wenu alifika juzi jioni. Gari limezama kwenye matope huko nyuma, yeye kaja boksi begani, mkono mmoja ameshika suruali. Tumemwazima kamba."

"Na mama?" nikauliza.

"Chupa tano zimemwingia. Yupo. Anakula."

"Na... na watoto?"

"Ngoja." Tulisikia akimwita mtu chini. Kisha tukasikia kilio, kikali, na kingine kikifuata juu yake, kama watu wawili wanaogombea foleni. "Umesikia hao? Wananinyima hata nafasi ya kushuka."

Chatu alikwenda dirishani akasimama huko muda mrefu. Mwendo wake una kasoro: mguu wa kushoto anauburuta kidogo. Mwezi mzima niliuita majivuno.

Jumatatu, 8 Aprili

Barua ya onyo. Imeandikwa kwa heshima. Mkuu ameongeza chini, kwa mkono wake, kwamba agizo la kufuta lilikuwa lake. Majaribio yanaendelea. Orodha sawa. Nimehakiki mara tatu.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua haikomi. Asubuhi nimekuta karatasi mpya ndani ya mlango wa kabati, safu tatu. Kushoto vya R, kwa penseli. Kulia vya Python, kwa chapa. Ya katikati ni tupu.

"Hiyo yako," Bibi alisema. "Vyote ambavyo lugha moja inaviazima kutoka kwa nyingine. Mimi naona upande wangu, huyu anaona wake. Wewe umekaa hapo hapo."

"Na kanuni iongezwe," Chatu akasema. "Hakuna kufuta."

Nimepata vitu kumi na moja vya katikati. Vinne kati yake hakuna aliyejua kuwa vipo.

Alhamisi, 2 Mei

Bibi amenifundisha modeli yake kwa saa mbili. Nilimuuliza mbona ananifundisha mimi karani. Akasema programu hufanya kazi yake bila kuogopa, na ndiyo hatari yake, kwa hiyo anataka aache nyuma yake mtu mmoja anayeogopa vizuri.

Jumapili, 19 Mei

Jua. Dada ameanika kila kitu, na mimi nusura anianike.

Ijumaa, 31 Mei

Siku ya mwisho ya Bibi Desimali, na siku ya mwisho ya majaribio yangu. Mkuu alinipa barua mbele ya Chatu, nikaisoma mara tatu kabla ya kuamini. Nimethibitishwa kazini.

Bibi aliacha penseli yake kwenye meza yangu. "Hutazamwi tena vibaya," akasema, "nimekukagua." Kisha akatuaga wote kwa zamu, mpaka Mkuu, akaenda zake. Chatu alimbebea mfuko hadi getini. Aliporudi alikaa, akakunja vidole.

"Mvua imeisha, Karani. Nafungua? Nina matoleo mapya tisa yananisubiri tangu Machi."

Nilifungua kabati nikatazama safu ya katikati. "Sita yafungue. Matatu yanagusa huku kwangu. Jumatatu, tukiwa wote wawili."

Nilingoja acheke. Aliandika kwenye karatasi: Jumatatu.

Kabla sijafunga faili nilipitia ujumbe wa leo. Hospitali kumi na nane zimeleta. Hospitali ya mwisho wa barabara, ambayo mnara wake ulisimamishwa tena wiki mbili zilizopita, haijaleta kitu. Programu imeacha pengo na kulijaza vizuri, kumi na mbili. Orodha ni sawa. Hata hivyo nikainua simu.

"Nani?"

"Benki ya damu, mama. Leo hamjatuma ujumbe."

"Simu ilikuwa kwenye chaji. Kwani kuna tatizo?"

"Hakuna. Nilitaka kujua tu kama mpo."

"Tupo," akasema. "Andika tupo."

Nimeandika.